Meli Iliyonifundisha Kuuliza

Kwa miaka mingi sikupanda chombo chochote cha majini. Nimezaliwa Bukoba, mji ambao ziwa liko mlangoni pake, na bado kila nilipotaka kwenda Mwanza nilipanda basi la kuzungukia Kahama na Shinyanga, kwa sababu njia fupi ilikuwa na kivuko cha Busisi, na mimi kivuko sikukiweza. Waliokuwa wanaijua njia walinishangaa. Sikuwaeleza. Kueleza kungenilazimu kumtaja mama yangu mdogo, na nyumbani kwetu mama mdogo alikuwa hatajwi.

Alikuwamo ndani ya MV Bukoba. Alipanda Kemondo na mikungu yake ya ndizi, daraja la tatu, kama ilivyokuwa kawaida yake ya biashara. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, Mwanza ikiwa imekaribia, meli ililala ubavu ikapinduka. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Hesabu kamili haikupatikana, maana orodha ya majina ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili. Abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa. Nchi nzima iliomboleza kwa siku tatu. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, pembezoni mwa Mwanza, na pale pakajengwa mnara wa kumbukumbu. Familia yetu ilipeleka maua Igoma bila kujua kama mtu wetu amelazwa pale au bado yumo ndani ya meli, ambayo haikuinuliwa.

Wakati huo nilikuwa msichana wa sekondari, na nilikuwa na swali moja: meli kubwa vile inapindukaje? Niliuliza mara moja tu. Bibi alijibu kwamba ni mipango ya Mungu, na sauti aliyojibia haikuacha nafasi ya swali la pili. Mimi namwamini Mungu, wakati ule na leo. Lakini swali langu halikuondoka. Lilikaa mwilini. Nikisikia maji yakigonga ukuta wa gati, viganja vililowa jasho na magoti yakaisha nguvu. Sikujua kwamba dawa ya hali ile ingekuwa kupewa jibu.

Nilisomea ualimu, Historia na Kiswahili. Barua ya ajira ilipofika ilinipangia shule ya sekondari Kirando, wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa. Nilitafuta Kirando kwenye ramani, nikaikuta ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, nikalia. Ziwa lile lina urefu wa zaidi ya kilometa 670, na kina chake mahali penye kina zaidi ni takriban mita 1,470. Nilikimbia ziwa moja, nikatupwa kwenye jingine lenye kina kirefu zaidi.

Wakati ule kijiji kizima kiliishi kwa ratiba ya MV Liemba. Meli hiyo ilitoka Kigoma, ikashuka kusini ikigusa Lagosa, Ikola, Karema, Kabwe, Kirando, Kipili, Wampembe na Kasanga, hadi Mpulungu nchini Zambia, kisha ikarudi. Vingi vya vituo hivyo havikuwa na gati. Meli ilitia nanga mbali na ufuko, ikapiga honi, na boti za mbao zikaifuata zikiwa zimejaa watu, magunia ya dagaa na migebuka, mpunga, kuku, magodoro. Ikifika usiku, hakuna aliyelala Kirando. Mimi niliisikia honi nikiwa kitandani, nikajifunika shuka mpaka kichwani.

Kisha baba mkwe wangu akafariki, Ujiji. Ilikuwa masika, barabara ya kupanda Namanyere ilikuwa imekatika, na mume wangu alishatangulia. Msiba hausubiri barabara itengenezwe. Wanawake wenzangu wa shuleni walinifungia mzigo, wakanisindikiza ufukweni gizani, wakaniingiza kwenye boti kama mgonjwa. Boti ilipofika ubavuni mwa meli, mlango wa chuma ulikuwa umefunguliwa na taa kali imewashwa, watu wakipita juu ya magunia, wengine wakipitisha watoto mikononi, makelele ya Kifipa, Kiha, Kibembe na Kiswahili yakichanganyika. Mkono wa mtu nisiyemjua ulinishika, ukanivuta ndani.

Sikuingia chumbani. Nilipanda hadi juu, nikaketi chini ya mashua ya kuokolea watu, nikavua viatu na kuvishika mapajani. Nilikuwa hivyo hadi karibu na alfajiri, wakati mzee mmoja aliyevaa ovaroli alipotoka chumba cha injini kupunga upepo, akanikuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Baridi yote hii, mbona umevua viatu?"

"Meli ikizama viatu vitanivuta chini."

"Unajua kuogelea?"

"Sijui."

Hakucheka. Alikaa chini kando yangu, akafuta mikono yake kwa tambara, akasema, "Basi una jambo la kuniuliza. Uliza."

Nikauliza swali langu la mwaka 1996. Alinijibu kama fundi. Alisema chombo husimama wima kwa sababu uzito wake umekaa chini, karibu na mkuku. Ukipandisha uzito juu, watu na mizigo dekini, chombo huwa kizito kichwani, na kila kikiinama huchelewa kurudi. Siku hiyo ukimlaumu mshika usukani au upepo, unawaonea. Kosa lilishafanyika gatini, wakati wa kupakia. Kisha watu wakiona chombo kimeinama hukimbilia upande wa pili, au upande ule ule wa nchi kavu ili washuke haraka, na hilo ndilo linalokimaliza. Alinishusha ngazi kwa ngazi hadi tumbo la meli, akanionyesha shehena ilivyopangwa, akanigongea bamba la ubavu kwa spana. "Sikia. Hizi ni ribiti, hakuna cha kuchomelea hapa. Zimepigwa moja moja kwa nyundo kabla baba yangu hajazaliwa." Kisha akasema jambo ambalo kidogo linikimbize: "Na meli hii, mwalimu, imeshazama mara mbili."

Jioni, tulipokuwa tunakaribia Kigoma, aliniita kwenye kingo na kunyoosha mkono kuelekea mdomo wa mto Malagarasi. Kule, alisema, ndiko ilikolala.

Yale mengine niliyapata baadaye, kwenye vitabu, na nitayasimulia hapa kwa sababu ndiyo yaliyonibadilisha. Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, karakana ambayo hadi leo inaunda meli. Ilikamilishwa kule, kisha ikafunguliwa yote vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo ikasafirishwa kwa reli ya kati iliyokuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Wajerumani watatu waliifuata ili waiunge upya: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, vita vikiwa vimekwishaanza, ikafungwa mzinga wa milimita 105 ulioletwa kutoka manowari Königsberg, ile iliyozamishwa na wenyewe katika delta ya Rufiji Julai mwaka huo. Vitabu vinawataja watatu hao kwa majina na tabia zao, nani mwenye hasira, nani mwenye huruma. Waswahili na Wahindi waliopiga zile ribiti nilizogongewa na mzee wangu wanatajwa kama "vibarua". Nami nilikuwa nimeshajua uchungu wa orodha isiyoandika jina la mtu wako, kwa hiyo hapo niliweka kitabu pembeni kwa muda.

Ilipewa jina la Graf von Goetzen, gavana aliyeitawala Afrika Mashariki ya Wajerumani kuanzia 1901 hadi 1906. Mwalimu wa Historia hawezi kupita hapo haraka. Huyo ndiye aliyekuwa gavana Maji Maji ilipowaka, ndiye ambaye majeshi yake yalichoma maghala na mashamba ya kusini hadi njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Sipendi jina lile, na ninafurahi kwamba halikudumu.

Kuhusu vita vya ziwani sina mengi ya kusema. Waingereza walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Kongo, kwa kuvutwa na matrekta na maksai juu ya milima, kisha kwa reli na mto hadi ziwani. Mashua hizo ziliiteka Kingani mwishoni mwa 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Watu wa Ulaya wanalipenda simulizi hilo mno. Riwaya imeandikwa, na mwaka 1951 sinema ikatoka, The African Queen, ambamo meli ya Wajerumani inalipuliwa. Kwa kweli Goetzen haikulipuliwa na mtu. Wabelgiji walipoibana Kigoma na reli ikakaribia kutekwa, Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916.

Nami hapo ndipo ninapotaka kukaa. Waliijaza mchanga ili iende chini wima. Lakini kabla ya hapo wale mafundi walizipaka injini grisi nene, kila pahali pa chuma kinachosugua chuma, kwa uangalifu, kama watu wanaofunga nyumba wakiwa na nia ya kurudi. Hebu fikiria kazi hiyo. Adui yuko njiani, amri imetoka ya kuzamisha, na mtu yuko chini kwenye joto anapaka grisi injini ambayo baada ya saa chache itafunikwa na maji. Wenyewe hawakurudi. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, karibu miaka minane tangu izamishwe mara ya kwanza, wakakuta injini na boila bado zinafaa. Waliitengeneza, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina jipya, Liemba, jina ambalo Livingstone alikuwa amelisikia kwa wenyeji wa upande wa kusini likiwa ndilo jina la ziwa lenyewe. Injini zile za mvuke ziliondolewa katika miaka ya 1970, zikaja za dizeli. Mwili ni ule ule wa 1913.

Nilipolisoma jambo la grisi nilikuwa peke yangu ofisini, vipindi vimekwisha. Nililia kwa mara ya kwanza tangu 1996 kwa ajili ya mama mdogo, na nililia vizuri. Kwa miaka yote ile nilidhani kilichozama kimekwisha, na kwamba heshima pekee unayoweza kukipa ni kunyamaza. Kumbe kuna watu walikishika kilichokuwa kinazama, wakakipangusa na kukiandaa. Na kuna wengine waliokwenda chini kukitafuta, wakakichunguza sehemu kwa sehemu na kuuliza: hiki kimeharibikaje, na kipi bado kizima? Nilitaka kufanya hivyo kwa msiba wangu. Nilitaka kuushukia na kuuchunguza.

Nikaanza kusoma juu ya meli zilizozama. Walimu wenzangu waliona ni ajabu kwa mtu aliyekuwa akijifunika shuka akisikia honi. Iliyonishika kuliko zote, baada ya zetu, ni Vasa ya Sweden. Ilikuwa manowari ya mfalme Gustav II Adolf, yenye mizinga 64 na michongo mingi, ndefu kwenda juu na nyembamba. Kabla haijaondoka ilifanyiwa jaribio: mabaharia 30 waliambiwa wakimbie pamoja kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Baada ya kukimbia mara tatu jaribio lilisimamishwa, kwa maana meli ilikuwa inayumba kiasi cha kutaka kupinduka palepale ilipofungwa. Admirali Fleming aliyaona hayo kwa macho yake. Mfalme alikuwa vitani, mbali, na alikuwa ameagiza meli iondoke. Hakuna aliyeinua sauti. Tarehe 10 Agosti 1628 Vasa ilifungua tanga bandarini Stockholm, ikaenda kama mita 1,300, upepo mdogo ukailaza, maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga yaliyokuwa wazi, ikazama mbele ya umati uliokuja kuiaga. Baraza la uchunguzi liliuliza ni nani mwenye kosa. Hakupatikana.

Ililala chini miaka 333. Bahari ya Baltiki pale Stockholm haina wale funza wanaotafuna mbao za vyombo, kwa hiyo ilipoinuliwa tarehe 24 Aprili 1961 ilikuwa karibu nzima, na leo iko ndani ya jumba la makumbusho mjini humo. Watu wanaotembelea jumba lile hustaajabia michongo. Mimi nawafikiria wale mabaharia 30 waliokimbia huku na huku. Walijua. Miguu yao ilijua kabla ya mfalme. Kila ninapofundisha habari hii nawaambia wanafunzi wawatazame hao.

Ilikuwa katika kuwaeleza Vasa ndipo nilipofanya somo ambalo sasa nalifanya kila mwaka. Niliweka beseni la maji juu ya meza na bakuli la plastiki likielea ndani yake. Kwanza mawe tukayaweka ndani ya bakuli, chini kabisa. Ukilisukuma linainama na kurudi. Kisha tukaliwekea kipande cha ubao juu ya mdomo wake na kuyahamishia mawe yale yale juu ya ubao. Mawe hayakuongezeka hata moja. Mvulana mmoja akaligusa kwa kidole, likapinduka. Darasa la watoto wa wavuvi, watoto wanaolala kwenye boti na kuamka kwenye boti, lilikaa kimya kabisa. Kisha msichana wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa hiyo kwenye boti tukiambiwa tukae chini, ndiyo haya?" Ndiyo haya, nikamwambia. Ndiyo maana nahodha mzuri anakataa watu kusimama.

Likizo ya mwaka huo nilikwenda nyumbani Bukoba na beseni langu kichwani mwangu. Bibi alikuwa amefariki. Jikoni, mama akiwa anamenya ndizi, nilimwomba ruhusa nimtaje mdogo wake. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Mtaje." Nikachukua kikombe cha plastiki, nikakigeuza kichwa chini na kukisukuma ndani ya ndoo ya maji. Nilimwonyesha kwamba hewa inabaki ndani na kikombe kinataka kurudi juu. Ndivyo ilivyokuwa kwa MV Bukoba baada ya kupinduka: ilielea kwa muda tumbo likiwa juu, na waliokuwa hai ndani walisikika wakigonga chuma. Wale waliofika kuwaokoa walitoboa tundu ili wawatoe. Hewa ikatoka kwa tundu hilo, maji yakapanda, meli ikaenda chini. Walitaka kuokoa, na hakuna kati yao ninayemlaumu. Uokoaji wa namna ile unataka vifaa na mafunzo ambayo siku hiyo hayakuwapo pale.

Mama aliweka kisu chini. Alilia, na mimi nilidhani nimemuumiza. Kisha akaanza kuuliza. Aliuliza maji ya pale yalikuwa na kina gani. Aliuliza kama mtu wa daraja la tatu angeweza kupata njia ya kupanda juu. Aliuliza kwa nini hawakuandikwa majina. Tuliongea hadi usiku, chakula kikapoa, na katika maongezi hayo alimtaja mdogo wake kwa jina lake la nyumbani, jina ambalo sikuwa nimelisikia tangu nikiwa mtoto, akasimulia walivyokuwa wakiiba senene za bibi yao kabla hazijakaangwa. Tangu siku ile picha yake imerudi ukutani sebuleni.

Mwaka uliofuata nilijifunza kuogelea, pale Kirando, asubuhi na mapema, nikifundishwa na wanafunzi wangu wa kike wawili waliokuwa na subira kuliko mimi nilivyowahi kuwa nayo. Na nilipanda Liemba tena, mara nyingi, hadi nikawa nalala usingizi ndani yake nikisikia injini, milima ya Mahale ikipita ubavuni.

Mei 2015 nilikuwa Kigoma Liemba ilipofanya kazi ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote ilizowahi kufanya. Warundi waliokimbia machafuko ya nchini mwao walikuwa wamejazana Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, makumi ya maelfu, na kipindupindu kimeingia. Njia ya kutoka pale ilikuwa maji. Liemba ilikwenda na kurudi, ikibeba watu wapatao 600 kwa safari, ikiwashusha Kigoma, nao wakapelekwa uwanja wa Lake Tanganyika na kutoka hapo kambi ya Nyarugusu. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1997 iliwarudisha Kongo maelfu ya wakimbizi. Nilisimama bandarini nikiwatazama kina mama wakishuka na vifurushi, na kuona karani akiandika, akiuliza jina la kila mmoja, hata la mtoto wa mgongoni. Meli iliyowahi kubeba mzinga na jina la gavana wa Maji Maji ilikuwa inawashusha watu wakiwa hai na majina yao yakiwa yameandikwa. Nilisimama pale mpaka mtu wa mwisho akashuka.

Kuna wanaosema meli ya umri ule ipelekwe makumbusho, ikae kavu, watoto walipe kiingilio. Naelewa, na ninalipenda jumba la Vasa ingawa nimeliona kwenye picha tu. Lakini Vasa haikuwahi kumfikisha mtu popote. Liemba imehifadhiwa na kazi yake: kwa kuwa watu waliihitaji, kila kizazi kililazimika kuibadilishia bamba lililooza, kuiwekea injini, kuipaka rangi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 2010 iliondolewa safarini ili isubiri matengenezo makubwa, na sisi wa ufukweni tukabaki na boti za mbao. Msimamo wangu ni kwamba irudi majini, ikaguliwe kwa ukali wote unaostahili chuma cha 1913, na ibebe watu.

Kwa maana boti hizo zinajaa. Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, kikiwa kimebakiza mwendo mfupi kufika gati, na zaidi ya watu 200 walikufa. Habari hizo zilinikuta Kirando. Zamani zingenirudisha chini ya shuka. Safari hii nilikwenda ufukweni siku ya soko, nikasimama mbele ya boti iliyokuwa inapakia kwenda Kipili, nikamsalimu nahodha na kumuuliza wamo wangapi, maboya mangapi, na magunia yale ya juu kwa nini yasiwe chini. Alikasirika. Alisema mwalimu ashike chaki, ziwa awaachie wenyewe. Watu walianza kuguna, wengine wakinitaka ninyamaze safari ianze. Sikunyamaza. Nilisema kwa sauti ya darasani kwamba sitapanda, na nikaeleza kwa nini, kuanzia bakuli hadi mawe.

Aliyeshuka wa kwanza alikuwa kijana niliyewahi kumfundisha, sasa muuza dagaa. Alishusha magunia yake mawili, akamshika mkono mkewe mjamzito akamshusha. Kisha mama mmoja, kisha wawili. Nahodha alipoona nauli inamwondokea aliita vijana wake, wakapakua, wakapanga upya magunia sakafuni, wakatoa maboya yaliyokuwa yamefungiwa stoo, na watu waliozidi wakasubiri boti ya pili. Walichelewa kama saa nzima, walifika Kipili salama, na siku ya soko iliyofuata nahodha yule alinifuata shuleni kuuliza kama naweza kuja kuwaonyesha wenzake lile jambo la beseni. Nilikwenda. Tumekuwa tukifanya hivyo kila mwanzo wa masika, ufukweni, na wanaouliza maswali mengi zaidi ni manahodha.